Hatua za Mkwe Donat

Kasomeno, 3 Juni 1973

Kwa mkwe wetu Donat na binti yetu Victorine, mtaa wa Kenya, Lubumbashi

Salamu nyingi kwenu. Mkono unaoandika ni wa Kasimu fundi cherehani, lakini maneno ni ya Mama Nkandu, mama yake Victorine. Ameketi barazani kwangu juu ya gunia la chumvi, goti lake bovu amelinyoosha, na amenikataza kuongeza neno langu lolote mpaka amalize ya kwake.

Anasema mvua ya mwaka huu ilikata barabara tangu Januari. Daraja lilikwenda na maji, malori yakalala, samaki wakaoza, na kutoka mjini hakukufika mtu wala karatasi. Abibu, yule dereva wa lori la samaki, ndiye wa kwanza kupita. Barua hii anaichukua yeye, na jibu mpeni yeye huyohuyo.

Yanayofuata nayaweka kama yanavyotoka kinywani mwake:

"Victorine, mutoto wangu, ule mwaka ulikuya huku na kifua chako, uliniambia kule Kenya moshi na makelele haiishe. Ukaniambia bwana yako alikuahidi kukutafutia mahali pa majani mabichi, pa kuenda na miguu tu, mahali muntu anasikia masikio yake mwenyewe. Alipapata? Kama alipapata aniandikie, na miye nipajue, hata kwa kusikia tu. Nakutumia samaki ya kukausha. Kifua iko namna gani?"

Amemaliza. Sasa ni zamu yangu. Donat, ndugu yangu, nasikia serikali imekataza majina ya Kizungu, na huko mjini mmepewa majina mapya nyote. Hapa karani alikuja na daftari akaniuliza jina la mababu. Nikamwambia Kasimu. Akauliza babu yako je? Nikamwambia Kasimu. Akafunga daftari, akaomba maji ya kunywa. Wewe siku hizi unaitwa nani? Niambie mapema, nisije nikawa naandikia mtu ambaye hayupo.

Kasimu, kwa niaba ya Mama Nkandu


Lubumbashi, 17 Juni 1973

Ndugu Kasimu,

Ndani ya bahasha kuna karatasi mbili. Hii yenye mistari ni yako peke yako. Ile nyeupe ni ya Mama. Usizichanganye.

Victorine amekufa. Alikufa Jumapili tarehe 11 Februari, kwa homa ya siku nne, na Jumanne tukamzika. Nilijua barabara imekatika. Kwetu habari ya kifo haiendi kwa karatasi, unajua. Hupelekwa na mtu, kwa mdomo. Nikafikiri redio ina mdomo. Tangazo lilisomwa mara tatu. Nilingoja, hakuja hata mmoja wa upande wake. Nikasema moyoni, basi wamesikia, wamekasirika, wananihesabu mimi ndiye niliyemuua mtoto wao kwa kumweka mjini. Nimekaa na neno hilo miezi minne. Hata kukasirika nilichoka.

Halafu Abibu ananiletea samaki na salamu kwa Victorine.

Nimefikiri tangu juzi na nadhani nimeelewa. Sheria ya majina. Redio ilisoma majina ya kwenye kitambulisho: mwananchi Kapinga, mke wa mwananchi Ilunga. Kapinga ni jina la bibi yangu, mama wa baba, wa Kamina. Victorine alilichukua siku ile tulipopanga mstari, kwa kuwa hakutaka karani amchagulie. Huko kwenu nani anamjua Kapinga? Ilunga ndiye mimi.

Kumwandikia Mama habari hii siwezi, na mbele yake siwezi kufungua mdomo, ni mama mkwe. Lakini ameuliza swali, na swali hilo nina jibu lake. Ahadi ya mahali pa majani niliahidi kweli. Miaka mitatu nilisema Jumapili ijayo. Tangu Machi ndipo nimeanza kutafuta. Ninatoka asubuhi, natembea mpaka jua linapinda, narudi. Sijisikii vibaya. Sijisikii vizuri. Nakuambia ili usinihurumie bure.

Kwenye karatasi ya Mama sikuandika uongo hata mmoja. Msomee hiyo.

Donat, yaani Ilunga


(Karatasi nyeupe)

Mama, nakusalimu kwa kupiga makofi, kwa heshima yote.

Umeuliza kama nilipata mahali. Kazi yangu ni kushika mnyororo wa kupimia ardhi, hivyo nahesabu hatua hata nisipotaka. Nitakueleza kwa hatua.

Ukitoka nyumbani kwetu Kenya, ukapita makanisa mawili na mafundi seremala, ni hatua elfu moja na mia mbili mpaka reli. Ukivuka, kuna mikaratusi iliyopandwa kwa mistari. Kutoka mbali ni kijani. Ukifika karibu ni kijivu, na chini yake hapaoti kitu. Kimya nacho kipo mpaka mabehewa yanapoanza kugongana. Nilikaa hapo Jumapili nne. Sipasifii.

Kuelekea kusini ni mbali zaidi, hatua elfu tisa na kidogo, karibu na mto Kafubu. Hapo nipo nachunguza, nitakuandikia.

Kuna mahali pengine penye miti na kimya, nimepajua tangu Februari. Lakini hapo sipahesabu.

Mkwe wako, Donat


Kasomeno, 29 Juni 1973

Donat,

Sisi ni wa Mungu na kwake tutarejea.

Nitakuambia jambo, na utanisamehe. Tangazo lako nililisikia. Redio yangu huwa juu ya meza ya cherehani, unaijua, ile iliyofungwa kwa mpira. Mwezi wa pili, mvua inapiga bati, msomaji akasema mwananchi Kapinga, mke wa mwananchi Ilunga, wa Kenya. Nikasema Mungu amrehemu, nikaendelea kukanyaga pedali. Na Mama Nkandu alikuwa ameketi palepale kwenye gunia lake, nilikuwa namkunjia pindo la kitenge. Alitikisa kichwa. Akasema, "Masikini, mama yake." Kisha akaniambia mshono umepinda.

Tangu nisome karatasi yako siwezi kumkunjia mtu pindo.

Karatasi nyeupe nilimsomea. Alisikiliza amefumba macho, akaniomba nirudie mara ya pili, halafu akauliza mikaratusi ni miti gani. Nikamweleza. Akasema miti ya namna hiyo si ya kupumzikia, ina harufu ya hospitali. Hakuuliza lolote kuhusu Victorine. Nilikuwa nimejitayarisha na sikuulizwa.

Sasa unisikilize. Barua ni amana. Mtu akinipa barua nimsomee mama mtu mzima, nasoma. Uongo sitasema. Akiniuliza uso kwa uso, Kasimu, mtoto wangu yu hai? nitamjibu, na wewe utajua mwenyewe pa kuficha uso. Umenifanya nishike kaa la moto kwa kiganja kitupu, nawe uko mjini unahesabu miti. Njoo. Lori la Abibu lina nafasi.

Nakuonea huruma, hata kama umenikataza.

Kasimu


Lubumbashi, 15 Julai 1973

Kasimu,

Umesema kweli yote. Sina la kubisha. Nitakuja, lakini si sasa. Kazini wananihitaji, tunapima upande wa Ruashi.

Hiyo si sababu. Niliiandika nikaona inafaa kuonekana kama sababu.

Nikikaa nyumbani, baa ya mbele inapiga muziki tangu saa nne. Jirani yangu Honorine hunipikia bukari ya unga wa mahindi siku za Jumapili, anaiacha mlangoni imefunikwa sahani. Naila. Haina ladha, na najua tatizo si upishi wa Honorine. Usiku nalala vizuri kabisa, hilo ndilo linalonishangaza.

Karatasi ya Mama hii hapa.

Donat


(Karatasi nyeupe)

Mama, nakusalimu kwa makofi.

Nimefika Golf. Ni mtaa wa matajiri, nyumba kubwa, kila moja na bustani yake. Kwa kuwa ni kiangazi, mji wote umekuwa rangi ya mbwa, majani yamechomwa kila mahali na majivu yanaingia hata kwenye maji ya kunywa. Lakini kule Golf wanamwagilia. Kuna kijani mpaka macho yanauma. Na kimya kipo, hata watoto wao wanacheza taratibu.

Nilitembea katikati ya barabara kwa sababu kando ni nyasi za watu. Sentinele mmoja, mzee wa Maniema anayeitwa Amadi, akanisimamisha getini.

"Unatafuta nani?"

"Sitafute muntu."

"Basi unatafuta kazi. Kazi haiko."

"Sitafute kazi. Natafuta mahali pa majani, pa kukaa kidogo."

Akaniangalia kuanzia viatu. "Papa, majani ya hapa iko na benyewe." Kisha akafikiri, akanionyesha daraja dogo la mtaro, nje ya ua, akasema hapo ni pa serikali, naweza kukaa, ila nisiegemee ua. Nikakaa. Ndani kulikuwa na kichuguu kikubwa kama nyumba, cha zamani, na juu yake wamepanda maua mekundu. Walikijengea ngazi. Nilikiangalia karibu saa nzima. Amadi alinipa nusu ya muhogo wake wa kuchoma, akaniuliza kama nina mgonjwa nyumbani. Nikamwambia hapana.

Ni hatua elfu saba na mia nne kwenda. Kurudi zilikuwa elfu saba na mia sita, sijui kwa nini.

Mkwe wako, Donat


Kasomeno, 5 Agosti 1973

Donat,

Nilimsomea. Alicheka kidogo pale pa majani kuwa na wenyewe. Halafu akaniuliza maswali matatu, nami nakuandikia yote matatu kwa mpangilio aliouliza.

"Ule sentinele, juu ya nini alimuuliza habari ya mugonjwa?"

Nikasema labda aliona amechoka.

"Na muhogo, alikula yeye peke yake?"

Nikasema barua haisemi.

"Na pale mahali hapahesabu, pa miti na kimya, ni mbali na nyumba yao?"

Nikasema barua haisemi. Nilijifanya natafuta sindano sakafuni. Donat, sindano ilikuwa kwenye ukosi wangu wa shati na yeye aliiona.

Hakuniuliza ile yenyewe. Anazunguka pembeni yake kama mtu anayezunguka nyumba ya mwenye mbwa. Mimi ni mtu wa maneno mengi, wewe wanijua, nimewahi kumwuzia askari suruali ya mwenzake akashukuru. Lakini mbele ya mwanamke huyu ulimi wangu umekuwa kama wa viatu.

Na kuna jambo jipya. Anakuja. Amezungumza na Abibu bila kupitia kwangu. Jumamosi tarehe 25 lori linashuka mjini na yeye atakaa mbele. Ameshakausha samaki, ameshatwanga unga wa muhogo, na amenipa kitenge nimshonee Victorine blauzi. Ameniambia vipimo vya mwaka jana. Nimekata kitambaa, Donat. Sikujua namna ya kukataa, nikakikata.

Unayo majuma mawili na siku kadhaa. Usiache mama wa watu apande lori siku nzima na goti lile, ateremke Kenya na kifurushi, aambiwe na jirani mlangoni.

Kasimu


Lubumbashi, 12 Agosti 1973

Kasimu,

Mwambie asije. Mwambie goti. Mwambie barabara bado ni mbaya, lori linapinduka. Mwambie chochote unachoweza kusema bila kusema uongo, wewe ni hodari wa hayo.

Karatasi nyeupe leo haipo, maana nimebaki bila pa kumweleza. Nilikuwa nimepapata kabisa. Kule kusini, kabla ya Kafubu, kuna dembo, bonde la majani marefu lenye unyevu hata kiangazi. Wanawake wanalima mboga pembeni, na katikati pana kichuguu chenye mti juu yake. Nilipanda nikakaa kivulini. Hakuna redio. Hakuna treni. Nilisikia masikio yangu, Kasimu, kama Victorine alivyotaka, yana sauti nyembamba ya maji. Nikangoja kitu kinijie. Nilidhani nikipapata mahali hapo nitalia, au nitamwomba msamaha kwa kuchelewa, au hata nitamwona. Hakikuja kitu. Nilikuwa mtu aliyekaa juu ya kichuguu.

Nikasema nitarudi Jumapili, labda siku ya kwanza haitoshi.

Jana Jumamosi ilikuwa salongo, kazi ya lazima ya serikali. Mtaa mzima tulipakiwa tukapelekwa kufyeka, na lori liliposimama nikaona ni palepale. Walisema majani marefu yanaficha nyoka na wezi. Nilipewa panga. Nilifyeka, Kasimu. Nilifyeka vizuri, mstari wangu ulinyooka kuliko wa wote, mkubwa wa zamu akaniita mfano. Kufika saa sita tuliona ng'ambo hadi ng'ambo. Mti wa juu ya kichuguu walikata wengine. Nilikula mkate niliopewa, nikarudi nyumbani.

Ningekuwa mzima ningekataa, au angalau ningekasirika. Mimi nilifurahia mstari kunyooka. Ndipo nilipojiogopa.

Asije, nakuomba.

Donat


Kasomeno, 19 Agosti 1973

Donat,

Sikumwambia asije. Nilimwambia tu kwamba safari hii karatasi yake haikuja.

Akasema, "Alituandikia kusini, alituandikia reli, alituandikia Golf. Mukwe wangu anatembea na miguu kila upande ya muji. Barabara ya Kasenga tu hajatembea. Muulize, Kasimu. Ile barabara ya kukuya kwetu, haina hata muti moja?"

Nakuuliza kama nilivyotumwa.

Blauzi imekwisha. Imetoka nzuri, sijui niiweke wapi.

Kasimu


Barabara ya Kasenga, kilomita ya 41, Alhamisi 23 Agosti 1973

Kasimu,

Naandika juu ya goti, Abibu anangoja, anatazama saa. Amenikuta hapa njiani akipanda kwenu, akaniambia panda. Nimekataa. Mpe Mama jibu langu: miti ipo. Kuanzia kilomita ya kumi na nane ipo mingi, majani yake machanga yametoka, mekundu, bado hayajawa kijani. Kimya kipo chote.

Nilitoka Lubumbashi jana alfajiri baada ya kupewa likizo. Nilimwaga chai, nikafunga mlango, ufunguo nikamwachia Honorine. Nilipofika mwisho wa mji nikajua kwa nini miezi yote hii miguu haikunileta upande huu. Barabara nyingine zote mtu anaenda na kurudi.

Ndani ya lori ningefika leo jioni na nisingejua la kusema. Kwa miguu nina siku nne. Na habari hii, umeniambia wewe mwenyewe bila kuitamka, nilipaswa kuileta mimi kwa mdomo tangu mwezi wa pili, hata kwa kuogelea.

Naomba mawili. La kwanza, Mama asipande lori Jumamosi. Usimsomee barua hii, mwambie tu mkwe anakuja. La pili, nikifika usimame kati yetu, kama desturi inavyotaka. Mimi nitakuambia wewe, nawe umwambie yeye. Sitaweza kumtazama.

Sasa nikueleze ninachoogopa, kwa sababu si hasira yake. Akinipiga nitashukuru. Naogopa ataniangalia usoni akute pakavu. Tulipomzika sikulia. Watu wa upande wangu walikuwa wachache, walilia kiasi, wakala, wakaondoka. Hapakuwa na shangazi yake hata mmoja wa kupiga yowe, wala dada wa kumwita kwa majina ya utotoni, mimi hata siyajui. Siku ya tatu nyumba ilikuwa kimya kabisa, na mimi nilikuwa nimekaa ndani ya kimya hicho nikingoja wenye msiba waje waanze. Nilifikiri mtu wa nje hawezi kuanza. Nadhani bado nangoja. Mwanamume wa namna gani anafika kwa mama wa marehemu miezi sita baadaye na macho makavu?

Miguu ni mizima. Nimeacha kuhesabu hatua tangu kilomita ya tisa, sikukusudia.

Donat


Kasomeno, Jumamosi 25 Agosti 1973

Kwa mkono wa Abibu, ampe Donat popote atakapomkuta njiani

Mukwe wangu Donat,

Miye Nkandu njo nasema, Kasimu anaandika, na nimemukataza kutengeneza maneno yangu. Desturi inakataza siye wawili kusema uso kwa uso. Karatasi haina uso, basi nitasema.

Kasimu hakunisomea barua yako. Alikuya tu pa mulango wangu juzi magaribi, akasema, "Mukwe anakuya." Nikamuuliza, "Na lori?" Akasema, "Hapana, na miguu." Nikamuambia inatosha, rudisha karatasi yako mu mufuko. Muntu anaacha lori, anatembea kutoka Lubumbashi mupaka Kasomeno, iko na habari moja tu ya kuleta. Ingine yote inapanda lori.

Nilikuwa nashuku tangu ile barua ya kwanza. Bwana iko na bibi yake ku nyumba haendi kutafuta kimya kila siku ya Mungu. Sikuuliza. Kama singeuliza, mutoto wangu alikuwa anaweza kubakia siku ingine kidogo. Weye ulikuwa unaficha, na miye nilikuwa nakusaidia kuficha. Tusamehane pale.

Hasira niko nayo, sitakudanganya. Nina hasira na ile mvua, na bale ba majina, na weye pia. Utaisikia. Lakini hutaisikia ya kwanza.

Sikupanda lori. Nimenyoa nywele. Moto tumewasha inje, mukeka iko chini, Bijou mudogo wake alifika jana na batoto, na bashangazi bake batatu ba Kasenga bamelala hapa. Tulianza kulia ile magaribi. Tunamuita na majina yake yote, ile ya baba yake, ile ya kuzaliwa nyuma ya mapacha, na ile tulikuwa tunamuchokoza nayo juu ya kupenda kula udongo. Utayajua sasa. Jirani banasema makelele imepita kipimo. Nimebaambia bado.

Kasimu ananiangalia, anaogopa nitakuuliza juu ya machozi. Barua hajanisomea, lakini uso wake njo barua, na nilipomuuliza namna ya kilio kule, alinijibu. Basi nakuambia: sitaangalia macho yako. Ulisema kweli mu tumbo yako kama ulikuwa unangojea benye kilio. Benye kilio njo siye. Hatukukuya, hatukujua, na weye ulikaa peke yako mu nyumba ya kimya na maiti ya mutoto wangu. Ile njo deni yetu kwako, haiko yako kwetu.

Usikimbie, goti yangu inajua ile barabara. Kunywa maji. Pale kwa kilima ya mwisho, mbele ya kuona bati za soko, utaanza kusikia babibi banalia. Usisimame pale kwa kuogopa, na usipite mu majani kwa nyuma kama mugeni. Pita katikati ya barabara, kuya mupaka pa moto, ukae chini. Hapana kusema kintu. Siye tutalia mbele, weye utafuata.

Nkandu, mama yake Victorine